Binti yangu ameitwa na sororiti ya Kilatino huku wenzake wakimvuta kwenye ile ya kawaida: naomba ushauri

Mama Neema (mwanzishaji uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Houston kwa miaka 14 sasa, na binti yangu mkubwa anasoma mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Texas. Wenzake wawili wa chumbani waliingia mwaka jana katika sororiti (chama cha wanafunzi wa kike vyuoni) ya kawaida, hizi zenye jumba la nguzo nyeupe na herufi za Kigiriki juu ya mlango, na wanamhimiza awafuate Agosti. Papo hapo amealikwa na sororiti ya Kilatino, yaani ya wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ambayo katika chuo kizima ina wanachama 9. Binti yangu si Mlatino, na Kihispania chake ni cha darasani.

Nilipouliza gharama za ile ya kwanza, nilitajiwa kiasi kilichonifanya nitafute risiti ya kodi ya nyumba ili nilinganishe. Nilipouliza habari za ile ya pili, niliambiwa kwamba ada yake si kubwa, ila kuna wiki kadhaa za mafunzo ambayo hayasimuliwi kwa mtu wa nje, hata akiwa mama mzazi. Hapo ndipo usingizi uliponipaa. Naomba anayezifahamu pande hizi anieleze tofauti yake hasa ni nini, na kama mtoto wa Kitanzania atakuwa mwenyeji au mgeni wa kudumu katika chama cha Walatino.

Dada wa Nakuru

Shikamoo Mama Neema. Niliingia sororiti ya Kilatino nikiwa mwanafunzi New Jersey, kwa hiyo nitasema yale yanayosemeka.

Vyama unavyoviita vya kawaida vilikua katika karne ya 19, wakati ambapo mwanafunzi asiye Mzungu hakuwamo hata katika hesabu ya vyuo vingi, na sororiti zake kubwa zikaunda baraza lao mwaka 1902. Vya Kilatino tunavyoviona leo vingi vilizaliwa baadaye sana: Lambda Theta Phi ya wanaume na Lambda Theta Alpha ya wanawake zote zilianzia chuo cha Kean, huko New Jersey, mwaka 1975, zikianzishwa na wanafunzi waliojikuta wachache mno na wasiokuwa na pa kukutania. Phi Iota Alpha ni ya zamani zaidi, ya mwaka 1931, lakini ile ilikusanya zaidi vijana waliotumwa Marekani kusoma uhandisi kisha warudi makwao Amerika ya Kusini na Karibi. Kwa hiyo upande mmoja umejengwa juu ya kuchagua nani aingie, na upande wa pili juu ya kuhakikisha kwamba aliyeingia chuoni anamaliza. Natia chumvi kidogo, lakini kidogo tu.

Tofauti hiyo utaiona katika namna ya kuingia. Kwenye ile ya wenzake wa chumbani, wasichana mamia huzunguka jumba hadi jumba kwa siku kadhaa kabla ya masomo kuanza, wakipokewa kwa nyimbo na makofi mlangoni, wakizungumza dakika chache na kila mwenyeji. Kisha wao huyapanga majumba kwa upendeleo, majumba nayo huwapanga wao, kompyuta inaoanisha. Sisi tulikuwa 4. Tulisoma historia ya chama, ya Puerto Rico, ya Jamhuri ya Dominika, ya wafanyakazi wa mashambani wa California, na kila jioni tulikaa maktaba pamoja kwa sababu alama zikishuka unaondolewa. Usiku wa kutambulishwa tulitoka nyuso zimefunikwa, tumepangwa kwa kimo, mkono wa kila mmoja begani kwa aliye mbele yake, tukakariri historia ile kwa sauti moja mbele ya watu wote, kisha vitambaa vikavuliwa mmoja mmoja. Ngoma ya miguu na makofi tuliyocheza tuliirithi kutoka kwa vyama vya Wamarekani Weusi.

Kuhusu ugeni: sharti la damu hakuna. Nilikuwa mgeni katika utani kwa muhula mzima, maana Kihispania cha Karibi humeza herufi s na mimi nilikuwa bado nazitafuta. Ugeni mwingine sikuuona. Ada ilikuwa ndogo kwa kuwa hatukuwa na jumba la kutunza. Tulicholipa kwa wingi ni muda. Mnapokuwa 4, hakuna kazi inayofanywa na "wengine".

Mhasibu wa Indiana

Nilikuwa katika fratenati (chama cha wanafunzi wa kiume) ya kawaida, nami naomba tusiifanye kuwa pepo. Ada ile mara nyingi inabeba chakula na mara nyingine malazi, kwa hiyo Mama Neema aombe mchanganuo kabla ya kushtuka. Faida yake ni wingi wa watu: nafasi yangu ya kwanza ya mafunzo kazini ilitoka kwa mzee aliyekaa jumba lilelile miaka 30 kabla yangu. Hata hivyo nakiri kwamba katika miaka 3 hakuna aliyewahi kuniuliza wazazi wangu wanaitwa nani.

Mzee wa Kibokoni

Siri isikutishe, mwanangu. Mambo ya unyago nayo hayasimuliwi nje, na kinamama wa lelemama hapa Mombasa walikuwa na vyama vyao, sare zao na mashindano yao, na wanaume hatukuambiwa kitu.

Somo Mwanaisha

Baba, kwa heshima zote, mfano huo una kasoro. Katika unyago mama ndiye anayempeleka mwali kwa somo, na somo huyo anamjua tangu utoto. Hapa mama hamjui somo ni nani. Nafanya kazi katika ofisi ya wanafunzi chuoni, na nimeona unyanyasaji wa wanachama wapya katika vyama vya kila aina: kwenye majumba makubwa mara nyingi ni pombe, kwenye vyama vidogo ni kunyimwa usingizi, kukatazwa kuzungumza na marafiki, na wakati mwingine kipigo.

Sheria ya Texas haikubali kisingizio kwamba mwanafunzi aliridhia mwenyewe, na sheria ya shirikisho iliyotiwa saini Desemba 2024 inavitaka vyuo kutangaza vyama vilivyokutwa na hatia. Fungua tovuti ya chuo utafute taarifa hiyo, kwa chama cha Kilatino na kwa lile jumba pia. Kisha muulize binti yako maswali yasiyogusa siri yoyote: mlezi wa chama ni nani, mafunzo yanakwisha saa ngapi usiku, na je, atapokea simu yako wakati wowote?

Mama Neema (mwanzishaji uzi)

Nashukuruni. Taarifa ya chuo nimeisoma. Chama cha wale 9 hakimo, jumba la wenzake limo mara moja kwa suala la pombe. Nimempigia binti yangu nikamuuliza maswali yale matatu. La mlezi na la saa alijibu papo hapo. La simu akanyamaza, akasema atawauliza, na baada ya nusu saa akanipigia mlezi mwenyewe, mama wa makamo aliyeniambia kwamba simu ya mzazi haizuiwi. Uamuzi bado ni wa binti. Mama wa mmoja wa wale 9 anapika tamale na ametualika Jumapili. Nimeshaloweka mchele wa vitumbua.