Karo la choo "halijawahi kujaa" miaka 14: nyumba ya Shangani, nikague nini kabla ya kulipa?

Mnunuzi_Mtwara
Wakuu, habari za jioni. Nafuatilia nyumba Shangani, Mtwara, vyumba vinne, vyoo viwili, si mbali na ufukwe. Haijaungwa kwenye bomba la majitaka la umma, inatumia karo na shimo la kunyonyea (linalopokea maji ya karo na kuyapenyeza ardhini). Muuzaji anasema karo lina miaka 14, wanaishi watu sita, na gari la kunyonya halijawahi kuingia uani. Amejitolea kulinyonya wiki hii anikabidhi likiwa safi. Uani kuna kisima cha kufulia na kumwagilia, na mti mkubwa wa mkungu umesimama kati ya nyumba na karo. Fundi wa dalali aliinua mfuniko, akachungulia, akasema "liko poa dada". Ukaguzi wa maana unafanywaje?

Kipimamaji
Dada, jambo la kwanza leo hii: mpigie muuzaji simu asilinyonye. Karo likishanyonywa, ushahidi wote umeondoka na gari.

Hiyo sifa ya kutojaa ndiyo inayonitia wasiwasi. Karo limejengwa lijae. Ndani ya siku chache za matumizi maji hupanda mpaka kwenye bomba la kutokea na kubaki hapo miaka yote. Lita moja ikiingia, lita moja inatoka kwenda shimo la kunyonyea. Kinachoongezeka ni tope chini na utando juu. Kwa hiyo kitu cha kutazama ukifungua mfuniko ni mstari wa maji ukilinganisha na tumbo la bomba la kutokea, yaani ukingo wake wa chini ndani. Maji yakiwa sawa na tumbo la bomba, vizuri. Yakiwa juu yake, bomba limeziba au shimo la kunyonyea limeshiba. Yakiwa chini na nyumba ina watu, karo linavuja, au limenyonywa siku chache tu zilizopita.

Halafu pima tope. Chukua mti mnyoofu wa mita 2.5, uzungushie taulo jeupe kuukuu sehemu yote ya chini, mita nzima na zaidi, ufunge kwa kamba. Ushushe taratibu kando ya bomba la kutokea, si katikati ya utando, mpaka uguse sakafu. Subiri dakika mbili tatu, kisha uinue bila kuuzungusha. Tope huacha weusi wenye chembechembe kwenye taulo. Maji ya juu yake huacha unyevu wa kijivu tu. Pima weusi kwa futi kamba. Utando pima kwa kijiti chenye kiwiko: kizamishe, kivute juu mpaka kikwame chini ya utando, weka alama. Jumla ya tope na utando ikizidi theluthi ya kina cha maji, ni wakati wa kunyonya. Karo la kina cha mita 1.5, theluthi ni sentimita 50.

Ukigonga na mti, sikiliza pia. Sakafu ya zege inajibu ngumu. Mti ukizama tu kwenye kitu laini, au ukikwaruza mawe yaliyoachana, huenda hapo hakuna sakafu: ni shimo lililojengewa mawe ya matumbawe ukutani na kuachwa wazi chini.

Usalama: fungua mfuniko, kaa upande upepo unakotoka, acha nusu saa. Hakuna sigara wala kiberiti, kuna gesi inayoshika moto. Na mtu asiingie ndani hata kuokota futi. Ile hewa ya mayai viza ikiwa nyingi inaua pua kwanza, hunusi kitu, halafu unaanguka, na anayekufuata kukuokoa naye anabaki humo.

Bomba4
Kipimamaji kamaliza karo, mimi niongezee njia ya kulifikia, maana huo mkungu ndio shida yenyewe. Mizizi haivunji bomba lisilo na kasoro. Inafuata unyevu wa maungio yaliyopakwa gundi kidogo au kuunganishwa kwa saruji, inaingia kama uzi, inanenepea ndani.

Kukagua bila kamera: fungua chemba (vishimo vya kukagulia bomba) mbili zinazofuatana. Mmoja aweke tochi kwenye mdomo wa bomba la chemba ya juu, mwingine ashike kioo kidogo kwenye chemba ya chini, akiinamishe mpaka aone ndani. Ukiona duara kamili la mwanga, bomba limenyooka na ni tupu. Duara lililokatwa chini na kung'aa ni maji yaliyotuama, bomba limebonyea. Nywele nywele kwenye ukingo ni mizizi. Usipoona mwanga kabisa wakati chemba zimenyooka, kuna kizibo au kuna mtu alipinda bomba bila kuweka chemba kwenye kona.

Mteremko: bomba la inchi 4 lishuke sentimita 2.5 kwa kila mita. Mita 12 mpaka karo ni sentimita 30. Pima kwa mpira wa maji (mpira mwangavu uliojazwa maji, unaoonyesha usawa), usikubali jicho la fundi.

Kisha mwaga ndoo 10 za lita 20 chooni na bafuni, mfululizo, mtu akiwa amesimama kwenye karo (kwa mbali). Kama karo ni mita 2.5 kwa 1.2, lita 200 zikiingia na zisitoke, maji yatapanda karibu sentimita 7. Karo lisilo na kasoro hupanda kidogo na kurudi kwenye mstari wake ndani ya muda mfupi. Lisiporudi, twende kwenye shimo la kunyonyea. Wakati ndoo zinamwagwa, sikiliza matundu ya bafuni: yakibwabwaja, bomba la hewa halipo au limeziba.

Korosho_na_Kokoto
Kipimamaji, sikupingi lakini tusimhukumu muuzaji kwa neno moja. Watu wengi wakisema "halijai" wanamaanisha halijawahi kutapika uani. Huku juu, Mangamba na Naliendele, mchanga unanyonya na unaweza kukaa miaka mingi bila kuona maji juu ya mfuniko, huku karo limejaa tope hadi kooni na uchafu mzito unahamia shimo la kunyonyea. Kwa hiyo "halijai" lina magonjwa mawili yanayopingana, na taulo ndilo litakaloamua.

Ila kwa Shangani ongeza jambo moja: tarehe. Mwamba wa matumbawe una mianya, na karibu na ufukwe maji ya chini yanapanda na kushuka na bahari. Ukikagua kiangazi, siku za maji mafu (bahari inapopanda na kushuka kidogo), kila shimo ni zuri. Pima mara mbili, siku ya maji mafu na siku ya bamvua (bahari inapojaa sana), saa chache baada ya maji kujaa kwa sababu chini ya ardhi yanachelewa. Mstari wa karo ukicheza bila mtu kutumia choo, karo na ardhi vinapumua pamoja.

Mnunuzi_Mtwara
Ahsanteni sana wakubwa. Muuzaji amekubali kuliacha. Vipimo vya leo, maji mafu: karo mita 2.4 kwa 1.2. Mstari wa maji upo sentimita 31 chini ya tumbo la bomba la kutokea. Weusi kwenye taulo sentimita 8, utando hakuna. Mti ukigonga ni ngumu pande zote. Ndoo 10 zilipandisha maji sentimita 7; baada ya saa tatu, bila mtu kutumia maji, yakawa yamerudi pale pale. Bomba la kutokea ni kavu, lina utando wa buibui. Kisima kipo mita 11 kutoka karo.

Kipimamaji
Buibui amekupa jibu. Maji hayajapita kwenye bomba hilo siku nyingi, shimo la kunyonyea halijafanya kazi yake. Sakafu ipo, kwa hiyo huenda lipu imedondoka na tofali zinapitisha karibu na mstari huo wa maji, au mpasuko uko kwenye kiungo cha sakafu na ukuta na maji ya chini ya ardhi yamefika usawa huo. Lita 200 ndani ya saa tatu si unyevunyevu, ni njia. Na tope sentimita 8 kwa watu sita miaka 14 maana yake uchafu nao unaondoka.

Kisima mita 11 ni karibu mno hata karo lingekuwa zima. Kipimo kinachotumika sana ni mita 30, na kwenye mwamba wenye mianya hata hizo si dhamana. Peleka sampuli maabara wapime vijidudu vya kinyesi. Rangi ya chakula ukimwaga chooni na isitokee kisimani, usifurahi, inaweza kupotea njiani.

Korosho_na_Kokoto
Kwenye bei, omba upunguziwe gharama za kazi hii: kunyonya, kusugua kuta kwa jeti kutokea juu, kuziba kiungo, lipu mbili za saruji moja kwa mchanga tatu yenye dawa ya kuzuia maji. Kwa kuwa lazima mtu aingie, karo likae wazi, lipulizwe hewa kwa feni muda wote, fundi afungwe kamba na watu wawili juu. Mchanga uwe wa mto, si wa pwani. Chumvi inakula nondo za mfuniko. Ukiwa hapo chunguza na upande wa chini wa mfuniko kwa bisibisi: zege likichimbika kama chaki, badilisha lote.

Kazi ifanyike kabla ya mvua za Desemba, na isiwe wiki ya bamvua. Karo tupu likizungukwa na maji ya chini, sakafu inasukumwa kwenda juu na kiungo ulichoziba kinafunguka tena.

Bomba4
Na kabla ya kumlipa fundi: ziba bomba la kutokea, jaza maji mpaka kwenye tumbo lake, acha siku moja kuta zinywe, ongeza, weka alama ya msumari, subiri saa 24. Kwa vipimo vyako kila sentimita inayoshuka ni karibu lita 29. Toa kizibo ukimaliza, wanakisahau.