Betri mbili zimenifelisha: utaratibu huu wa kupima makadeti porini ni wa ovyo

Wakuu, nimerudi jana usiku kutoka zoezi la porini la makadeti, yaani sisi tunaosomea uofisa wa jeshi. Miguu imevimba, kucha mbili za vidole zimekuwa nyeusi, na pamoja na usingizi wote ninaoudai, hasira imenikesheza. Acheni niitoe.

Tabu za kawaida sina ugomvi nazo. Kuchimba handaki hadi usawa wa kifua kwenye udongo wa mawe, sururu inakurudia mikononi kama umegonga chuma, sawa. Kuamshwa kabla ya mapambazuko, kila mtu nyuma ya bunduki yake mpaka kupambazuke, na jua likizama hivyo hivyo kwa sababu ndizo saa anazozipenda adui, sawa. Doso, yaani adhabu, la platuni nzima (kikosi chetu chote) kwa sababu mmoja kasahau magazini ya risasi juu ya kisiki, hilo nalo sawa. Tuliyajua tukisaini.

Kinachoniudhi ni vyeo vya zamu. Kwa wasiojua: zoezini makadeti wote tuko sawa, ila kila baada ya saa kadhaa mkufunzi anamchagua mmoja, anampa ukamanda wa platuni au wa seksheni (kundi dogo ndani ya platuni), kisha anamfuata nyuma na kidaftari. Umetoa amri gani, umetumia muda gani, watu wako wamefika wapi. Zamu ikiisha unaambiwa umefaulu au umefeli, unarudi kuwa mtu wa bunduki kama wengine. Sasa kidaftari kile kinamwangalia mwenye zamu tu. Hao wengine wasiopungua 25 hakuna anayewaandika, na wapo waliolishtukia hilo mapema sana.

Tunaye mmoja, nitamwita Kamba. Mkufunzi akiwa karibu, Kamba ndiye wa kwanza kushika sepetu, ndiye anayejitolea kwenda doria, sauti juu. Mkufunzi akipotelea vichakani, kijana anainama kufunga kamba za buti. Siku nne anafunga kamba zile zile. Zamu yake ya lindo usiku nimeenda kumpokea mimi mwenyewe, nikamkuta kaegemea mti, kidevu kifuani. Nilimgusa bega, akaniambia alikuwa "anasikiliza".

Usiku wa nne, saa nane, nina dakika kama 40 tangu nijilaze, naguswa. "Kadeti, wewe ndiye kamanda wa platuni. Unashambulia alfajiri, saa kumi na moja na nusu."

Pigeni hesabu. Saa tatu na nusu. Kanuni ni kamanda achukue theluthi moja ya muda, theluthi mbili awaachie walio chini yake wajiandae. Kwa hiyo nina dakika 70 za kusoma ramani, kupanga, kuandika amri na kutengeneza picha ya ardhi pale chini: kamba nyeupe ndiyo mto, majani makavu ndiyo msitu, kopo langu ndilo kilima. Niko chini ya turubai, tochi yenye mwanga mwekundu mdomoni, nasoma mistari ya mwinuko, kumbe mstari mmoja nimeurudia mara tatu. Kuna utafiti wa Australia wa mwaka 2000 ulioonyesha kwamba mtu aliyekesha saa 17 hadi 19 anafanya kazi kama aliyekunywa pombe ya kutosha kumzuia kuendesha gari katika nchi nyingi. Mimi sikuwa wa saa 17. Mimi nilikuwa wa siku nne.

Hata hivyo mpango ulisimama. Seksheni moja inapanda mgongo wa kilima upande wa kulia na kumbana adui kwa risasi. Nyingine inaingia kutokea kushoto, ya tatu akiba. Wanaoingia wakikaribia, naita kwenye redio, wale wa kilimani wanahamisha risasi mbele. Ukikosea hapo unaua watu wako mwenyewe, ndiyo maana redio ya kilimani ilikuwa roho ya jambo lote. Na mbeba redio wa kilimani, mmeshamjua.

Nilimuuliza kabla hatujaondoka. "Betri za akiba unazo?"

"Zipo, kamanda." Bila hata kupepesa.

Hazikuwepo. Alikuwa amezifukia chini ya kichaka kule tulikolala, betri mbili, kilo moja moja hivi, ili begi liwe jepesi. Tuliyajua hayo baadaye tulipokwenda kuzifuata.

Basi wanaoingia wako mita 50, naita mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Nikapuliza filimbi, ndiyo ishara ya akiba niliyoipanga, na hapa nakubali kosa langu: filimbi haisikiki katikati ya risasi, hata zikiwa baridi, zile za mlio tu. Kilimani wanaendelea kumimina. Mwamuzi akanyanyua mkono, akasimamisha kila kitu, akaanza kuwagusa vijana wangu kichwani mmoja mmoja. "Umekufa. Umekufa. Umekufa." Wanane, wote wameuawa na wenzao. Nimesimama kwenye nyasi zenye umande, filimbi bado mdomoni.

Kwenye tathmini nikaeleza habari ya betri. Mkufunzi akauliza, "Ulizishika kwa mkono wako?"

"Hapana, afande."

"Kamanda anawajibika kwa kila kitu." Akafunga kidaftari. Nimefeli.

Najua anawajibika, naliimba hilo tangu wiki ya kwanza. Lakini Kamba alipewa zamu yake siku ya pili, mchana, tumelala usiku uliotangulia, kazi yenyewe kutuongoza kwenye njia iliyo wazi. Alifaulu, na sifa juu. Kesho keshokutwa huyu anakabidhiwa askari 30 wa kweli, na alichojifunza ni kupima mkufunzi yuko umbali gani.

Si kwamba dawa haipo. Shule ya Ranger ya Jeshi la Marekani ina utaratibu wa wanafunzi kutathminiana wenyewe, na wenzako wakikukataa unaweza kurudishwa nyuma au kuondolewa kabisa. Aliyelala na wewe handaki moja anakujua kuliko mwenye kidaftari. Sisi hata karatasi ya kuulizwa hatuna.

Zoezi lijalo liko wiki tatu mbele na nimeshasikia tumepangwa seksheni moja. Mliopita huko, mtu kama huyu mlikuwa mnamfanyaje bila kwenda kumsemea kwa mkufunzi? Maana mimi kwa sasa nina wazo moja tu, kumwaga begi lake chini kila asubuhi mbele ya watu, na sina hakika kama zamu hiyo nitaimaliza bila doso.