Maboga yanachanua vizuri ila vitunda vinaanguka. Nyuki wamekwenda wapi?

MamaBoga:
Wakuu, naombeni mawazo yenu. Nalima maboga, huu ni mwaka wa nane. Msimu huu mimea imetanda kuliko mwaka wowote, maua ya manjano kila upande, lakini vitunda havikai. Ua jike linafunguka alfajiri na kijiboga chake chini, ukubwa wa kidole gumba. Siku ya tatu kinaanza kuwa njano nchani, kinalainika, kinaanguka. Vichache vilivyopona vimepinda: upande mmoja umejaa, mwingine umesinyaa.

Nilidhani ni ugonjwa, au mbolea imezidi. Juzi nikaamua kukaa shambani tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne, macho kwenye maua. Nyuki niliowaona ni watatu. Muda wote huo, watatu! Zamani ukiinama kung'oa magugu unasikia shamba zima linavuma, na ukichungulia ndani ya ua unamkuta nyuki kajikunja chini kabisa, mgongo mzima umepakwa chavua. Sasa kimya. Kimya hicho kimenitisha kuliko hasara yenyewe.

Wamekwenda wapi? Na nitaokoaje hiki nilichobaki nacho?

Kibuyu77:
Pole sana dada. Kwa sasa chavusha kwa mkono. Asubuhi na mapema chuma ua dume (lile lenye kikonyo chembamba, halina kijiboga), menya petali zote ibaki ile fimbo ya katikati yenye unga, kisha ipake pole pole kwenye kichwa cha katikati cha ua jike, kizunguke chote. Ukipaka upande mmoja tu, boga linapinda, ndiyo hayo uliyoyaona. Ua dume moja linatosha majike mawili matatu.

Halafu si Einstein alisema nyuki wakiisha binadamu anabakiwa na miaka minne tu? Tumeshaanza kuyaona.

MrinaAsali:
Dada MamaBoga, kabla sijasema lolote: unapuliza dawa gani, na saa ngapi?

MamaBoga:
Shikamoo mzee wangu. Napuliza ya vidukari, kila baada ya siku kumi. Kwenye chupa imeandikwa imidaklopridi. Huwa napuliza saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali.

MrinaAsali:
Marahaba mwanangu. Saa mbili ndiyo saa mbaya kuliko zote. Ua la boga linafunguka alfajiri na kabla ya adhuhuri limeshafunga, halifunguki tena. Kwa hiyo saa mbili nyuki wako ndani ya ua, wanafanya ile kazi unayoilia hapa. Sikulaumu, kwa sababu hakuna aliyekukalisha chini akakueleza.

Nikusimulie yaliyonipata. Asubuhi moja nilikuta ardhi mbele ya mizinga yangu minne imetapakaa nyuki. Wengine wanatambaa na kutetemeka, wengine wanazunguka chali, na karibu kila aliyekufa ulimi umemtoka nje. Ukiona ulimi hivyo, fikiria sumu kwanza. Kulikuwa na alizeti karibu, imechanua, imepulizwa dawa jana yake. Nikafungua mzinga. Malkia alikuwa hai, anatembea juu ya masega, ila nyuki waliobaki hawakutosha kuyafunika majana, yaani watoto wa nyuki walio ndani ya masega. Majana hayo yanataka joto la nyuzi 34 hadi 35 usiku na mchana, na hakuna moto mle ndani zaidi ya miili ya nyuki wenyewe. Wakipungua, majana yanapoa na kufa humo humo kwenye sega. Baada ya siku chache mzinga ule ulikuwa unanuka. Niliufunga nikakaa chini.

Sasa hiyo imidaklopridi. Iko kwenye kundi la neonikotinoidi, na mmea unainyonya: inapanda kwenye shina hadi kwenye chavua na mbochi (maji matamu ya ua). Ndiyo maana kuhamishia jioni peke yake hakutoshi kwa dawa ya aina hii. Hata kiasi kisichomuua nyuki papo hapo kinamvuruga, anatoka kwenda malishoni na njia ya kurudi inampotea. Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ulipiga marufuku kuitumia kwenye mashamba ya wazi, pamoja na nyingine mbili za kundi hilo, klothianidini na thiamethoksamu. Acha kuipuliza kwenye kitu chochote kinachochanua. Vidukari vipige kwa maji ya sabuni, jioni maua yakishafunga, na uwaachie kazi wadudu wale wa mviringo wenye madoa, ladibagi. Hao wanawala kweli kweli.

Ila nisidanganye kwamba ni sumu tu. Kuna utitiri uitwao Varroa, mwekundu wa hudhurungi, mdogo kama kichwa cha pini. Asili yake ni kwa nyuki wa Asia, ambao wamezoeana nao. Ukahamia kwa hawa tunaowafuga sehemu nyingi za dunia. Unaingia kwenye tundu la jana kabla halijafunikwa na nta, unazaliana humo, unasambaza virusi, na nyuki anatoka na mabawa yaliyokunjamana kama karatasi iliyofinywa. Huyo haruki kamwe. Australia ilikuwa haina, ukaingia mwaka 2022. Na kuna njaa: shamba kubwa la zao moja linachanua wiki tatu, kisha miezi hakuna ua.

Kibuyu, la Einstein halina ushahidi wowote kwamba alilisema. Ngano, mpunga na mahindi havimhitaji nyuki. Lakini karibu robo tatu ya aina kuu za mazao ya chakula duniani zinategemea wachavushaji kwa kiasi fulani, na humo ndimo yalimo matunda na mboga nyingi. Ukweli huo unatosha, hauhitaji kutiwa chumvi.

KandoYaNjia:
Mzee kaeleza vizuri sana, naomba niongeze upande mmoja unaosahaulika. Mizinga inayofugwa duniani kwa ujumla imeongezeka tangu miaka ya 1960. Wanaopungua bila mtu kuwahesabu ni nyuki wa mwituni. Kuna aina zaidi ya 20,000 za nyuki, na wanaotengeneza asali ni wachache mno. Wengi wanaishi pweke: jike mmoja, tundu lake moja, na aina nyingi zaidi zinachimba ardhini. Jembe likipita, uzao wote wa mwaka umekwenda.

Tena kuna kazi nyuki wa asali haiwezi. Ua la nyanya linaficha chavua ndani ya vijifuko. Yule mweusi mnene anayetoboa mbao analishika ua, anatikisa misuli ya kifua bila kuruka, na chavua inamwagika kama unga kwenye chekeche. Sauti inabadilika kabisa, ukiwa karibu utaisikia.

Ujerumani walipima wadudu warukao kwa mitego, ndani ya maeneo yaliyohifadhiwa, tangu 1989 hadi 2016. Uzito wa wadudu walionaswa ulishuka kwa zaidi ya asilimia 75. Hifadhini huko! Kwa hiyo dada, usikimbilie kununua mzinga. Acha kwanza ukanda usiolimwa, wenye maua ya porini na udongo mtupu kidogo.

MamaBoga:
Narudi baada ya wiki tatu. Dawa niliiacha siku ile ile. Nimechavusha kwa mkono kila asubuhi, mgongo unauma, lakini maboga kumi na moja yameshika na yamenyooka. Jana nimehesabu nyuki tisa. Na kuna mwingine mdogo, mweusi, anang'aa kidogo, simfahamu.

Mzee wangu, nimesoma ile ya ulimi nikashindwa kulala. Nimefanya vile miaka mitatu mfululizo.

KandoYaNjia, swali. Kando ya kijia nimeona vitundu vinne, upana wa penseli, kila kimoja kimezungukwa na udongo laini kama kichuguu kidogo. Ndio wao? Nilikuwa nipalilie hapo leo, nimeacha.

KandoYaNjia:
Kaa hatua mbili kutoka hapo jua likishapanda, usitupe kivuli chako juu yake. Ukiona anayeingia ana unga wa njano miguuni, ndio wao. Jembe lipitishe kwingine.