Naima anataka mnyama mwingine

Mama Naima: Shikamoo mama, habari zenu wote. Jamani Naima kaanza tena leo, anataka mnyama mwingine. Tangu hamsta wake Pamba afe alikuwa hataki hata kuliangalia lile tundu, leo kaenda mwenyewe kalifuta vumbi halafu kaja kuniuliza "mama litakaa tupu mpaka lini". Nimekosa la kumjibu. Nipeni mawazo tuchukue nini safari hii

Bibi: Marahaba mwanangu. Mpe pole mjukuu wangu. ILA SIO PANYA

Mama Naima: mama hamsta sio panya 😂

Bibi: Ana mkia kama wa panya

Salma: bibi hamsta mkia wake hata hauonekani

Bibi: Mimi niliuona

Idi: Kobe. Mjadala umefungwa

Idi: hapigi kelele, haumi, hafi ovyo. Mkichukua hamsta mwingine mtoto atalia tena kabla hajamaliza shule ya msingi, wale umri wao ndo huo huo miaka miwili mitatu wanaondoka. Kobe atakuwepo mpaka Naima ana wajukuu

Zainab: kaka na wewe. Kobe anafika miaka 50 na kuendelea, Naima ana 8. Akienda chuo kobe anabaki na nani?

Bibi: Ataletwa kwangu, mimi si bado kijana 😂

Zainab: halafu kobe wa kukaa ndani anataka taa yake maalumu yenye miale kama ya jua, la sivyo gamba linalainika na miguu inapinda. Na kubwa kuliko yote, hapo kwa dada kuna anayetambaa na kila akiokotacho kinaenda mdomoni. Kobe, mijusi, nyoka, hao wote wanaweza kuwa na salmonela, bakteria wa kuharisha, na wao hawaumwi hata kidogo. Wataalamu wanashauri nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5 wasifugwe kabisa

Idi: si atanawa mikono

Salma: baba, huyo mdogo hajafika hata mwaka, akanawe wapi 😂😂

Idi: haya endeleeni, mtanikumbuka

Baba Naima: Mimi nilikuwa nafikiria sungura. Mkubwa kidogo, anakumbatika, sio kama Pamba ukimshika roho juu asije akaponyoka akaingia nyuma ya kabati

Zainab: shem hapo kwenye kukumbatika ndo shida yenyewe. Sungura wengi hawapendi kunyanyuliwa, kwake yeye kuinuliwa juu ni kama kakamatwa na mwewe. Akirusha teke mtoto hajamshika vizuri miguu ya nyuma anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Ni mnyama mzuri sana wa kukaa naye chini sakafuni aje mwenyewe, ila anaishi miaka 8 mpaka 12, anatafuna nyaya za umeme, na asipokula nusu siku tu unakimbia kwa daktari wa wanyama kwa sababu tumbo lake likisimama kufanya kazi anaweza kufa haraka. Mkiwa tayari sawa, ila huyo anakuwa wa kwenu nyie wakubwa

Baba Naima: Nyaya nimeishia hapo

Salma: samaki je?? hawatafuni nyaya 😅

Mama Naima: nimemsomea Naima, kasema "samaki nitamshika vipi"

Salma: basi sawa ila mngejua navyowapenda samaki wangu

Zainab: na samaki watu wanadhani rahisi. Tangi jipya unalijaza maji leo unatia samaki kesho, wiki inayofuata amekufa, kumbe maji hayajakomaa, bakteria wa kula ile sumu ya amonia inayotoka kwenye kinyesi chake hawajaota bado. Inachukua wiki kadhaa kabla hata samaki hajaingia. Na yule wa rangi ya dhahabu anayewekwa kwenye bakuli la duara, akitunzwa vizuri anapita miaka 10 na anakuwa mkubwa kuliko bakuli lenyewe. Mtoto ametoka kuzika, usimpe kitu kitakachokufa wiki ya kwanza

Idi: Ila mimi nauliza, mngenunua hamsta wa rangi ile ile mkamweka kimya kimya si isingefika huku

Bibi: Idi acha. Mtoto hadanganywi kwenye kitu chake. Yule alikuwa na doa jeupe sikioni la kushoto, hata mimi nisiyempenda nalijua

Mama Naima: kweli mama. Tena nilipomwambia nilisema amekufa, wazi. Jirani akaja akamwambia Pamba amelala usingizi mrefu, usiku mtoto hataki kulala, ikabidi nianze upya kumweleza

Zainab: hapo ulifanya vizuri. Sasa dada hebu niambie, acha mnyama gani anauzwa wapi, Naima kwa Pamba alikuwa anapenda nini hasa?

Mama Naima: mh. Ukweli au maneno ya kupendeza

Zainab: ukweli

Mama Naima: ukweli alikuwa anamsubiri tu. Kila jioni anakaa mbele ya tundu na kipande cha tango, Pamba kajifukia kwenye karatasi zake kalala, unaona mgongo tu unapanda na kushuka. Naima anaita weee, tango linanyauka mkononi, namwambia nenda kalale kesho shule. Saa nne usiku ndo bwana anaamka, anapanda gurudumu kiri kiri kiri mpaka alfajiri. Aliyekuwa anamjua Pamba hasa ni baba yake anayechelewa kulala

Baba Naima: Tumeangalia mechi nyingi sana mimi na Pamba. Nilikuwa nimemzoea jamani 😔

Zainab: sasa ndo mmefika. Hamsta ni mnyama wa usiku, mtoto ni wa mchana, walikuwa wanapishana kama walinzi wa zamu. Mchukue anayeamka mtoto akiwa macho. Mimi ningesema simbilisi, wawili

Salma: simbilisi ndo wepi shangazi

Zainab: wale wanene wafupi wa miguu mifupi, wanaitikia kwa mluzi. Nilikuwa nao mimi kabla sijahama. Ukifungua friji tu au ukigusa mfuko wa nailoni wanaanza wiiik wiiik nyumba nzima inasikia. Wakifurahi wanaruka juu hapo hapo walipo, mwili unajipinda hewani, unaweza kuacha kazi zako ukakaa unawaangalia. Wanaamka vipindi vipindi usiku na mchana, kwa hiyo Naima akirudi shule anawakuta

Bibi: Hao wana mkia?

Zainab: hawana mama

Bibi: Hata kidogo?

Zainab: hata kidogo

Bibi: Basi hao sawa

Idi: 😂😂😂 kumbe kesi nzima ilikuwa mkia

Idi: haya chukueni dume na jike wasiwe wapweke

Zainab: KAKA HAPANA. Jike anaweza kushika mimba akiwa na wiki nne tu tangu azaliwe, anabeba kama miezi miwili, na akizaa siku hiyo hiyo anaweza kushika nyingine. Watoto wanatoka na manyoya na macho wazi, Naima atafurahi kweli kweli, lakini baada ya miezi michache mtakuwa mnagawa simbilisi kwenye hili grupu. Majike wawili, basi. Na muwaangalie vizuri kabla ya kuwachukua, wauzaji wengi wanakosea jinsia, ikiwezekana daktari awaangalie

Salma: mimi nitachukua wawili wakizaa

Idi: Hutachukua

Baba Naima: Kwa nini lazima wawili lakini? Mmoja si kazi nusu

Zainab: ni wanyama wa kundi shem, mmoja peke yake ananyong'onyea hata ukicheza naye kila siku maana wewe huongei lugha yake. Hamsta ndo tofauti, yule mkubwa wa dhahabu ukimwekea mwenzake wanaumana mpaka mmoja afe. Na msiwachanganye na sungura, sungura anawapiga mateke na anaweza kuwaambukiza ugonjwa wa mapafu

Mama Naima: haya kazi yao ikoje, usinifiche

Zainab: sikufichi. Nyasi kavu muda wote, yaani zisiishe, ndo chakula chenyewe na ndo zinasaga meno maana meno yao hayaachi kuota. Punje ziwe za simbilisi, za sungura hazina vitamini C ya kuwatosha. Hawa kama sisi, mwili hautengenezi vitamini C wenyewe, wakikosa viungo vinauma, fizi zinatoka damu. Pilipili hoho kila siku kipande inasaidia sana. Vitunguu, viazi na parachichi hapana. Joto kali hapana, wanazimia. Na dada wananya. Jamani wananya. Unafagia asubuhi ukigeuka kumejaa

Mama Naima: kwa hiyo nafagia mimi

Zainab: unafagia wewe na shem. Mtoto wa miaka 8 ni msaidizi, sio mfugaji. Anajaza maji, anapeleka majani, anaokota vinyesi jumamosi, lakini atakayekumbuka jumatatu asubuhi ni mtu mzima. Kama nyie wawili hamtaki kuokota kinyesi kwa miaka 5 mpaka 8 basi msichukue, mwambieni tu ukweli

Mama Naima: Baba Naima umesoma hapo

Baba Naima: Nimesoma

Mama Naima: nasubiri

Baba Naima: Nitafagia asubuhi. Jioni wewe

Idi: tumeshuhudia, adimini pini hiyo meseji 📌

Mama Naima: ngoja Naima yupo hapa anataka kuandika

Mama Naima: bibi mimi naima. nataka mmoja aitwe pamba

Salma: aww 🥺

Zainab: Naima mpenzi huyo mpya si angepata jina lake mwenyewe, Pamba atabaki Pamba

Mama Naima: hapana. pamba wa pili. na mwingine mjomba achague

Bibi: Zainab muache aite anavyotaka, mimi mwenyewe nimeitwa jina la marehemu na nimeishi vizuri tu

Idi: mwingine aitwe Kobe

Mama Naima: 😂😂😂 kakubali. Amekubali kabisa jamani, ameondoka anarukaruka

Zainab: haya Pamba wa Pili na Kobe. Sasa lile tundu la hamsta msitegemee, dogo mno. Wawili wanataka eneo kama mita moja na robo kwa nusu na kitu, likizidi ndo vizuri zaidi. Hawapandi ngazi wala gurudumu hawatakiwi kukimbilia, linawaumiza mgongo, wao ni kukimbia chini tu, kwa hiyo msinunue la ghorofa mkadhani mmepata nafasi. Sakafu isiwe ya wavu, miguu inatoka vidonda. Na vijumba viwili vya kujificha, kimoja watagombana

Baba Naima: Pale pembeni ya dirisha patatosha? Nimepima ni kama mita moja na nusu

Zainab: jua linapiga moja kwa moja?

Baba Naima: Mchana linapiga

Zainab: hapana hapo wataiva. Ukuta wa upande wa pili

Mama Naima: ukuta wa upande wa pili kuna baiskeli yako ya mazoezi ambayo hujaipanda tangu uilete

Baba Naima: Ile nilikuwa naanza jumatatu

Bibi: Itoe