Safari ya usiku Nairobi–New York: miguu baridi, kichwa moto

Swali
Mama, miaka 68, anasafiri moja kwa moja, kama saa 15 angani. Kiti chake ni cha dirishani, safu iliyo jirani na mlango. Kabini husemekana ni nyuzi 22 hadi 24, mbona watu hulalamika baridi? Avae nini?

Jibu la 1
Hizo nyuzi ni za kanda nzima, yaani sehemu ya kabini yenye safu nyingi, si za kwenye nyayo zake. Nje, kwenye kimo cha kilomita 11, ni kama nyuzi 55 chini ya sifuri, na ukuta wa ndege hupoa. Hewa nayo huingilia juu, hushuka, hutokea kwenye matundu ya chini ukutani, pale pale miguu ilipo. Karibu na mlango ndiyo balaa zaidi. Akipata kiti cha ujiani, safu chache mbali na mlango, nusu ya shida imeisha.

Jibu la 2
Nguo za tabaka, si koti moja zito: fulana ya pamba, sweta ya vifungo, shuka la Kimaasai au leso mbili. Soksi za sufu, zisibane. Mfuko wa nguo hizo ukae chini ya kiti cha mbele, maana mizigo ya juu haifikiki watu wakilala. Mkanda aufunge juu ya blanketi, wahudumu wauone bila kumwamsha.

Soksi za kubana za kuzuia uvimbe ni jambo lingine. Akiwa na kisukari au mishipa ya miguu ina shida, daktari kwanza.

Jibu la 3
Msimfunike kupita kiasi. Kabini ikiwa na joto, na oksijeni ni pungufu kuliko ya chini, mtu huweza kuzimia akisimama ghafla kwenda msalani. Ndiyo sababu ya tabaka: avue moja moja.

Baridi kali huja alfajiri ya saa za mwili wake, joto la mwili linaposhuka lenyewe. Amwambie mhudumu mapema, kwa namba ya safu, kwa kuwa joto hupangwa kwa kanda na halibadiliki papo hapo. Wahudumu wanatembea, hawaisikii baridi hiyo. Tundu la hewa la juu, kama lipo, alielekeze mbele ya uso, si shingoni. Hewa ni kavu mno: maji kidogo kidogo, mafuta ya midomo.

Jibu la 4
Na viatu asivue hadi soksi za sufu ziwe mguuni. Miguu ikishapoa, kuipasha upya ni kazi.