Nimepangiwa shule ya msingi Makete: nianze na karatasi au na darasa?

Mwalimu Mgeni

Shikamooni walimu mlionitangulia, na habari za kazi kwa wenzangu. Nina stashahada ya ualimu, nimejitolea kwa muda mrefu katika shule ya nyumbani Tanga nikingoja ajira, na sasa nimepangiwa kituo katika Halmashauri ya Wilaya ya Makete. Nimekwisha kuripoti kwa Mkurugenzi na kufika shuleni, kijiji kilicho mbali na Iwawa, makao makuu ya wilaya, na mwalimu mkuu amenikabidhi darasa la tatu.

Yapo mambo mawili yanayonisumbua. Kwanza, nimejaza fomu nyingi, bado sina cheki namba (namba ya mtumishi ya kulipiwa mshahara), na wenzangu wananiambia kwamba mshahara wa kwanza huenda ukachelewa. Pili, nilipowasomesha wanafunzi aya fupi kwa zamu, wapo waliosoma vizuri, wapo waliounganisha silabi kwa taabu, na wapo ambao, kwa nilivyowaona, walikuwa wakirudia tu walichosikia kwa jirani. Je, nifuate azimio la kazi, yaani mpango wa mada za mwaka, kama lilivyo, au nisimame kwanza niwafundishe kusoma? Ningependa kusikia hasa kutoka kwa waliofanya kazi nyanda hizi, maana hata baridi ya huku sijaizoea.

Mwalimu wa Kilolo

Marahaba, mwalimu, na karibu Nyanda za Juu Kusini. Nitajibu la karatasi, kwa kuwa ndilo linalowatesa watu hata wanapokaribia kustaafu.

Weka jalada lako mwenyewe lenye nakala ya kila ulichowasilisha: barua ya ajira, barua ya kupangiwa kituo, vyeti, fomu ya uchunguzi wa afya, na zaidi ya yote uthibitisho wa tarehe uliyoripoti wenye muhuri, kwa sababu madai yako ya mshahara yatasimama juu ya tarehe hiyo. Linganisha jina lako herufi kwa herufi katika cheti cha kidato cha nne, cheti cha taaluma, kitambulisho cha NIDA na akaunti ya benki, kwa maana tofauti ndogo ya jina inatosha kukwamisha taarifa zako kwenye mfumo. Mshahara usipoingia kwa kuwa orodha ya mishahara ya mwezi ilikwisha fungwa, haujapotea. Unadaiwa kama malimbikizo, na dai hilo liandikwe kwa barua inayopitia kwa mwalimu mkuu kwenda kwa Mkurugenzi, si kwa kumpigia simu afisa utumishi kila asubuhi. Suala la posho ya kujikimu nalo liulize kwa maandishi.

Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015, ndiyo inayoshughulikia usajili wako, kuthibitishwa kazini, kupandishwa cheo na nidhamu, na ina ofisi wilayani. Wageni wengi huikumbuka wakiwa tayari na matatizo. Muda wa majaribio ni miezi 12, na unapokaribia kwisha mkumbushe mwalimu mkuu kuhusu barua ya kuthibitishwa, kwa sababu haiji yenyewe. Jaza pia majukumu yako katika PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, kwa wakati wake.

Mshahara ukianza, hakiki makato: PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ni asilimia 5 kwako, huku mwajiri akichangia asilimia 15, na bima ya afya ni asilimia 3. Utaratibu wa utumishi unataka makato yote yakuachie angalau theluthi moja ya mshahara, lakini mikopo ya kausha damu haijali utaratibu huo, kwa kuwa mkopeshaji huchukua kadi ya benki pamoja na namba ya siri na kujilipa mwenyewe. Katika miezi hii ya kungoja utashawishiwa. Ni afadhali ukope unga na maharage dukani kijijini, ukiwa umetambulishwa na mwalimu mkuu; wenye maduka wanawajua walimu wapya na wamezoea kuwangoja.

Mama Silabi, Rungwe

Mimi nafundisha madarasa ya chini, kwa hiyo nitashika swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi.

Usichague moja kati ya azimio na kusoma. Mwite kila mtoto peke yake, mbali na masikio ya wenzake, umpe kwanza silabi, kisha maneno, kisha sentensi, kisha aya, na usimame pale anapokwama. Kazi hii haimalizwi kwa siku moja, nayo inaweza kufanyika wakati wengine wanaandika zoezi. Mtoto akiisha kumaliza aya, mwambie akueleze kwa maneno yake kilichotokea ndani yake. Hapa ndipo wageni wengi hupotea, kwa kuwa Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, na mtoto aliyezishika silabi anaweza kutiririka ukurasa mzima pasipo kuelewa chochote. Huku kwetu mtoto hulelewa kwa Kinyakyusa, huko kwako kwa Kikinga, na wengine Kiswahili hukutana nacho kwa uzito kwa mara ya kwanza darasani. Wale uliowahesabu kuwa wanasoma vizuri wapime tena kwa njia hii. Kinyume chake kipo pia: mtoto mwenye maneno mengi mdomoni asiyezijua herufi, na huyu ndiye hodari wa kurudia alichosikia kwa jirani.

Makundi hayo hayahitaji dawa moja. Asiyejua herufi mrudishie vitabu vya darasa la kwanza na la pili, ambavyo mara nyingi vimelala stoo, umsomeshe muda mfupi kila siku kabla ya kipindi cha kwanza. Anayesoma bila kuelewa hahitaji silabi zaidi; anahitaji kuzungumza, kusimuliwa, kuulizwa na kujibu kwa sentensi nzima. Wengine waendelee na mada ya azimio, nawe uandike kwenye safu ya maoni ni nini kilichokamilika na nini kimebaki na kwa nini. Mthibiti ubora wa shule, yaani mkaguzi, akikuta andalio la somo linalosema kweli, ana la kukushauri. Akikuta andalio lililonakiliwa la mwaka jana, hana.

Mstaafu wa Mufindi

Mama Silabi amesema vizuri, ila mimi ningeongeza kwamba makundi yapangwe upya mara kwa mara, kwa sababu mtoto aliyekalishwa benchi la wasiojua mwaka mzima hulikubali benchi hilo kuwa lake.

Sasa fimbo, maana hukuiuliza lakini utaikuta. Waraka wa Elimu Na. 24 wa mwaka 2002 unamruhusu mwalimu mkuu, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na viboko havizidi vinne, navyo huandikwa kwenye kitabu maalumu. Wewe huna idhini hiyo, na kuwaona wengine wakichapa hakukupi. Mtoto hachapwi kwa kutojua kusoma, na kesi ya nidhamu katika miezi ya majaribio si jambo la kuchezea.

La mwisho ni mahudhurio. Msimu wa viazi utaona madawati matupu, na wako watoto wanaolelewa na bibi ambao ndio nguvu kazi ya nyumba. Kuna pia wasichana wanaochukuliwa kwenda mijini kufanya kazi za ndani, na taarifa zao hufika shuleni wakiwa wamekwisha kupanda basi. Rejesta ikionyesha mtoto hayupo siku kadhaa mfululizo, mjulishe mwalimu mkuu na mtendaji wa kijiji mapema. Ukingoja mwisho wa muhula utaandika tu neno mtoro. Ama baridi, nunua blanketi zito na usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hewa yake huua mtu akiwa usingizini.

Mwalimu Mgeni

Nawashukuru sana. Nimewapima baadhi kwa njia ya Mama Silabi, na kweli wawili kati ya wasomaji wangu hodari walishindwa kunieleza hata kisa kinamhusu nani. Tatizo ni kwamba mwalimu wa taaluma anataka mada zikimbie, akisema mwakani darasa hili litafanya Upimaji wa Kitaifa wa darasa la nne.

Mama Silabi, Rungwe

Yuko sahihi kuhusu upimaji, na hiyo ndiyo hoja yako. Malizia kuwapima wote, umpelekee orodha ya majina ikionyesha kila mmoja amekwama wapi, umwombe nusu saa ya asubuhi tu, bila kugusa ratiba ya vipindi. Umwombe pia jambo hili lijadiliwe kwenye kikao cha MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) hapo shuleni, kwa sababu mwalimu wa darasa la pili ana watoto wa namna hiyohiyo, nao watakuwa wako mwakani ukiachwa darasa la tatu.