Msitu uliobaki Ndzuani ufungwe, au watu waendelee kulima?

Wakuu, naanza mimi. Ndzuani huko Komoro ni kisiwa cha kilomita za mraba 424, watu zaidi ya laki tatu, milima tupu. Kimbunga Kenneth kilipita Aprili 2019, Chido kikaja Desemba 2024, na kila mvua kubwa ikinyesha udongo unashuka mlimani mpaka baharini. Msitu wa asili umebaki huko juu tu. Humo analala popo wa Livingstone, mweusi, mabawa yakikunjuliwa yanakaribia mita moja na nusu. Duniani yuko Ndzuani na kisiwa jirani cha Mwali basi, na wote pamoja hawafiki elfu mbili. Msimamo wangu: ufungwe, leo.

— Mkuu, ukishaufunga, watu watakula wapi? Enzi za Wafaransa ardhi nzuri ya chini ilichukuliwa na mashamba makubwa, wenyeji wakasukumwa mlimani. Sasa mjukuu wao ndiye unamwita mharibifu? Halafu mnaisahau langilangi. Maua yale huchemshwa saa nyingi ndipo mafuta yapatikane, na mtambo unakula kuni si mchezo. Manukato yanapakwa Ulaya.

— Mimi wa Pemba. Popo wetu nao waliwindwa, mwishoni mwa miaka ya themanini wakakaribia kwisha. Vijiji vikaunda vikundi vya kulinda miti wanayolala. Pale Kidike, hapa hapa Pemba, mgeni analipa kwenda kuwaona. Leo ni maelfu kwa maelfu. Ila tusidanganyane: kwetu popo alikuwa kitoweo. Wa Ndzuani haliwi, anakatiwa mti. Kumwambia mtu aache mchuzi si sawa na kumwambia aache shamba la migomba.

— (Mwanzisha mada) Hapo umenibana. Basi nalegeza: miti ya popo na miteremko iliyo juu ya chemchemi isiguswe, kwingine tuzungumze. Maana hata huyo mkulima anaumia, mito mingi iliyokuwa na maji mwaka mzima sasa hukauka kiangazi. Shirika la Dahari la huko huko limeshaingia mikataba na wakulima wenye mashamba karibu na miti hiyo. Kwa hiyo si ndoto.

— Mkataba mzuri. Lakini mbona anayesainishwa ni mwenye migomba kumi? Mwenye mtambo wa langilangi atasaini lini?